Kwera wa Kitale na Jamaa Zao wa Bungoma

Mji wa Kitale umekaa juu, yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kati ya mlima Elgon upande wa magharibi na vilima vya Cherangani upande wa mashariki. Baridi ya asubuhi huko humfanya karani afunge vifungo vyote vya koti lake, na mara nyingi ukungu huchelewa kuondoka juu ya mashamba. Reli ilifika hapo mwaka 1926, na tangu siku hizo mji umejulikana kwa nafaka na mbegu. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa hapo mwaka 1956, na mahindi chotara yaliyopewa nambari 611 yalitolewa kwa wakulima mwaka 1964. Walakini mtu ashukaye garini alfajiri, kabla hajaona gunia wala trekta, husikia kwanza ndege.

Miongoni mwa ndege hao wamo wa jamaa moja ambayo hakuna mkulima asiyeijua, ijapokuwa ni wachache waliopata kuitazama kwa makini. Hao ni kwera, ambaye wengine humwita mnana, yule fundi wa kufuma viota vinavyoning'inia mitini kama vibuyu. Wataalamu huhesabu aina zipatazo 120 za jamaa hii duniani. Karibu zote ni za Afrika, kusini ya jangwa la Sahara, na chache tu ziko Asia. Wataalamu hao hao wamewaweka kwera katika kundi kubwa la ndege waimbao. Mtu aliyepata kulala karibu na mti wa kwera atacheka asikiapo hivyo, maana wengi wao hawaimbi. Hugombana, huguna, na hutoa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta.

Kwera aonekanaye zaidi katika bustani za Kitale ana kifua na tumbo la manjano, mgongo mweusi, na macho ya manjano hafifu yanayomfanya aonekane kama amekasirika daima. Dume ana paji la manjano. Jike ana kichwa cheusi chote, na kwa hiyo watu wengi hudhani kuwa jike ndiye dume. Ndege hawa hutembea wawili wawili, mume na mke wake, wakipekua majani na nyufa za magome kutafuta viwavi, panzi na buibui, na wakati mwingine mbegu. Kiota chao aghalabu ni kimoja peke yake katika mti, na jirani wa aina yao akija karibu hufukuzwa. Mzungu mmoja aliyeishi sehemu hizi, Hugh Stoneham, alitumia maisha yake kukusanya wadudu, ndege na vitabu; alifariki mwaka 1966, na mkusanyo wake ukawa msingi wa jumba la makumbusho la Kitale lililofunguliwa mwaka 1974. Nyuma ya jumba hilo upo msitu mdogo wa asili wenye njia ya miguu. Mtu akiwatazama ndege waliokaushwa ndani ya jumba, kisha akatoka nyuma kuwatafuta walio hai, atafahamu mara moja kwa nini kazi ya kutazama ni ngumu kuliko ya kukusanya.

Yapata kilomita 22 kutoka Kitale, kando ya njia iendayo Kapenguria, liko bwawa la Saiwa. Lilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, kwa ajili ya nzohe, mnyama wa jamii ya pongo ambaye kwato zake ndefu zimemfaa kutembea juu ya matope na mafunjo. Hifadhi yenyewe ni ndogo mno, haifiki kilomita tatu za mraba, wala gari haliruhusiwi kuingia. Mgeni hana budi kutembea kwa miguu, na kwenye miti yako madungu ya mbao ya kukaa na kutazama. Mkulima yeyote aliyewahi kukesha juu ya dungu akilinda shamba atajisikia nyumbani hapo, ila safari hii hana teo mkononi.

Humo ndimo waishimo kwera wa namna nyingine. Mmoja ana mstari mweusi upitao jichoni kama miwani, na mwili uliobaki ni wa manjano na kijani. Mume na mke hukaa pamoja mwaka hata mwaka, nao hula zaidi wadudu. Kiota chao hutundikwa mwishoni mwa tawi, mara nyingi juu ya maji, nacho kina mlango wa bomba refu linaloning'inia kama mkono wa kanzu. Nyoka akitaka kuingia hana pa kujishikiza. Wa pili ni wa rangi ya kahawia iliyokoza, dume akiwa na doa jeupe usoni na mdomo mnene wa kuvunjia mbegu ngumu. Huyu hufuma kati ya mabua mawili ya matete, na kazi yake ni nyembamba na safi kuliko ya jamaa zake wote. Mtu akiiona kwa mara ya kwanza hudhani ni kikapu cha mfumaji stadi. Mwanzo kiota chake huwa na mlango mpana. Jike akikikubali na kutaga, mlango huzibwa ukabaki tundu tu la kupita mwili wake.

Hapa lazuka swali ambalo lilimsumbua sana mtaalamu Mwingereza, John Crook. Kwa nini ndege wa damu moja, wenye ufundi mmoja, wengine wakae wawili wawili kimya msituni, na wengine wajazane mia katika mti mmoja? Crook alilinganisha desturi za aina zipatazo 90 za kwera wa Afrika na Asia, akatoa majibu yake mwaka 1964. Aliona kwamba kwera wa msituni, ambao chakula chao ni wadudu, hawana faida ya kukaa pamoja. Wadudu wametawanyika, hapa mmoja pale mmoja, na ndege wengi mahali pamoja wangekufa njaa. Tena makinda hayalishiki bila kazi ya baba na mama, basi dume hubaki na jike mmoja. Lakini katika nyika na mashamba, mbegu huiva kwa wingi kwa wakati mmoja, nazo huwatosha wote. Miti nayo ni michache. Kwa hiyo ndege hukusanyika penye miti michache iliyo salama, hutoka kwa makundi kutafuta chakula, na dume aweza kuwa na majike kadha wa kadha, kwa kuwa jike peke yake aweza kulea. Wako wataalamu waliorekebisha baadhi ya maneno ya Crook baadaye, lakini shina la hoja yake limesimama.

Hapana mahali pazuri pa kuona jambo hilo kwa macho kuliko njia itokayo Kitale kwenda Bungoma.

Njia hiyo hushuka kuelekea kusini. Hupita Kiminini, kisha Kamukuywa na Misikhu, hata Webuye penye maporomoko ya mto Nzoia. Hapo huingia katika barabara kuu iendayo Uganda, na Bungoma haiko mbali tena. Tangu Kitale hata Bungoma msafiri ameshuka kama mita 500, na koti la asubuhi amekwisha kulivua. Mashamba makubwa ya mahindi ya Trans Nzoia yamebaki nyuma. Sasa ni vishamba vidogo vidogo, mahindi na maharagwe pamoja, migomba, viazi vitamu, mtama kidogo, wimbi kidogo, na miwa mingi, hasa tangu kiwanda cha Nzoia kilipoanza kusaga miwa mwaka 1978. Misitu imekwisha, imebaki miti ya nyumbani na ya sokoni, mikaratusi kwa miembe, na mikindu kandokando ya mito. Na karibu kila mti mkubwa ulio peke yake, hasa ulio karibu na watu, umejaa viota.

Mwenye mti huo ni kwera wa kijijini, na amestahili jina hilo. Dume ana kichwa cheusi, macho mekundu na mwili wa manjano. Jike hana fahari, rangi yake ni ya majani yaliyofifia. Pengine pamoja naye hukaa binamu yake, kwera mweusi mtupu mwenye macho ya manjano, ambaye huonekana sana upande huu wa magharibi ya Kenya. Hufuma katika mti mmoja bila ugomvi mkubwa, ila wa kuibiana majani. Na wizi huo ni wa kweli: dume akienda kutafuta jani jipya, jirani aweza kuja kuchomoa ukanda wa kiota chake na kuutumia kwake. Kwa hiyo nusu ya kelele za mti wa kwera ni mashauri ya mali.

Kazi ya kujenga ni ya dume. Huchagua kitawi cha mwisho kabisa, chembamba, kisichoweza kumchukua nyoka mzito. Kisha hutafuta jani refu bichi, la nepia, la muwa, la mahindi au la mkindu. Huuma ukingo wa jani, akalishika sana, akaruka; na kwa nguvu ya kuruka kwake jani huchanika, likatoa ukanda mrefu mara nyingi kupita mwili wake. Hutumia jani bichi tu. Jani kavu huvunjika likipindwa, na kwera hulijua jambo hilo kama ajuavyo kila mwanamke asukaye ukili.

Kazi ya kwanza ni pete. Husimama juu ya kitawi, akakanyaga ncha moja ya ukanda kwa mguu, akazungusha ncha ya pili kwa mdomo, akaipitisha chini, akaivuta upande wa pili, akairudisha ndani. Hufunga vitanzi na mafundo ya kweli, siyo kuviringisha tu. Baada ya muda pete huning'inia wima, nayo yamtosha kusimama ndani yake. Tangu hapo hata mwisho wa kazi dume husimama katika pete hiyo, uso wake upande ule ule. Mbele yake hufuma chumba cha mayai, akifika mpaka pale mdomo wake uwezapo kufika. Kisha hujipinda nyuma akafuma ukumbi na mlango utazamao chini. Basi kipimo cha nyumba ni urefu wa mwili wa mjenzi mwenyewe. Dume hodari aweza kumaliza umbo la nje kwa siku moja.

Je, kazi hii hufundishwa, au ndege huzaliwa nayo? Mtu na mke wake, Nicholas na Elsie Collias wa Marekani, walilitafuta jibu kwa miaka mingi, wakiwatazama kwera wa kijijini na kuwafuga vizimbani. Waligundua kwamba kijana wa kwera hamuigi tu baba yake, wala hazaliwi fundi. Hupenda majani mabichi tangu utoto, hucheza nayo, hufunga na kuharibu. Viota vyake vya kwanza ni ovyo, vimelegea, na hakuna jike avitazamaye. Vijana walionyimwa majani tangu wakiwa wadogo walipopewa baadaye walishindwa mwanzoni hata kufuma ukanda mmoja. Ni kwa mazoezi mengi kwamba mkono, au tuseme mdomo, hukaza.

Mwenye kuhukumu ni jike. Akifika mtini, madume yote hujitundika kichwa chini milangoni mwao, wakapigapiga mbawa na kuonyesha manjano ya ndani, huku wakipiga makelele ya kumwita. Jike haharakishi. Huingia katika kiota kimoja, akavuta nyuzi hapa na pale kwa mdomo kama mnunuzi wa kitambaa, akatoka bila neno, akaingia kingine. Kiota cha kijani kibichi humvutia kuliko kilichoanza kukauka, maana kilicho kibichi bado ni imara. Akikubali, hutandika ndani nyasi laini na manyoya, akataga mayai mawili au matatu, akaatamia yapata siku kumi na mbili. Dume naye huondoka kwenda kuanza pete nyingine. Lakini kiota kikikaa kama juma moja bila mpangaji, rangi ikageuka kahawia, mwenyewe hukibomoa ukanda kwa ukanda, akaanza upya mahali pale pale. Mtu apitaye chini ya mti huona rundo la viota vilivyotupwa, hudhani upepo umeviangusha. Sivyo, hivyo ni vilivyokataliwa.

Maadui wa kijiji hiki cha juu ni wengi. Nyoka huja, na ndiyo maana kwera hunyofoa majani ya mti karibu na viota vyao hata matawi yakabaki wazi. Adui hana pa kujificha. Yuko pia mwewe mmoja wa kijivu mwenye uso wa manjano usio na manyoya. Miguu yake mirefu hupinda mbele na nyuma, naye hujitundika kwenye kiota akipiga mbawa, akaingiza mguu mlangoni na kuvuta makinda nje. Akitokea, mti mzima hulipuka kwa makelele, lakini mara chache hurudi bila kitu.

Adui mwerevu zaidi hana makucha. Ni kekeo mdogo wa rangi ya kijani imetayo kama shaba iliyosuguliwa, mwenye kupiga kelele wakati wa mvua jina lake mwenyewe: di-di-diderik. Jike la kekeo hujipenyeza katika kiota cha kwera, akataga yai lake humo, akaenda zake. Kinda la kekeo likianguliwa huyatoa mayai ya mwenyeji, likalelewa peke yake. Kwera amepata dawa ya ajabu. Mayai ya jike mmoja hufanana yote maisha yake yote, lakini ya majike mbalimbali hutofautiana sana: ya huyu meupe, ya yule ya buluu, ya mwingine ya kijani yenye madoa. Kwa hiyo kila mmoja anaijua alama yake, na akiona yai geni hulitupa nje. Kekeo hawezi kujua ndani ya kiota fulani ni rangi gani inayotakiwa.

Kwamba dawa hiyo imetokana na kekeo, ushahidi wake umetoka mbali sana na Bungoma. Zaidi ya miaka 200 iliyopita kwera wa kijijini walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi wakafika kisiwa cha Hispaniola, katika bahari ya Karibi, ambako kekeo huyu hayuko. Wataalamu waliokwenda kuwachunguza walikuta kwamba mayai ya ndege wale yamebadilika: yale ya jike mmoja hayafanani tena kwa uhakika kama ya Afrika, na tofauti kati ya jike na jike imepungua. Mlinzi asiye na mwizi amesahau kufunga mlango.

Hata hapa habari ni za kupendeza. Lakini mkulima wa Bungoma asomaye haya amekwisha kuuliza kimoyomoyo: na wimbi langu?

Neno lake ni la haki. Kwera wa kijijini hula nafaka, na wimbi na mtama ndizo azipendazo, kwa kuwa punje zake ziko wazi na ni saizi ya mdomo wake. Mahindi naye huyagusa. Huchana ganda la juu la gunzi na kula punje zikiwa bado maziwa, na jani lake huligeuza kuwa tumbi la nyuzi za kiota. Zamani, wimbi lilipokuwa ndilo chakula cha Wabukusu, wakati wa kuiva watoto walipanda madungu tangu mapambazuko, wakapiga kelele, wakavuta kamba zilizofungwa makopo, wakarusha udongo kwa teo. Kuamia ndege ilikuwa kazi ya mtoto, na siku zake za shule zililipia. Tangu mwaka 2003, shule za msingi za serikali zilipoacha kutoza ada, watoto wengi zaidi wamo darasani saa zile ndege wanapokula, na kazi ya dungu imewaangukia mama na wazee ambao wana kazi nyingine. Hii ni sababu mojawapo ya watu wengi kuacha wimbi na mtama wakashika mahindi peke yake, ijapokuwa wimbi huvumilia ukame na hukaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu. Basi ndege wa gramu arubaini ana sehemu yake katika kubadilika kwa chakula cha nchi nzima. Ni jambo la kufikiriwa.

Kosa lililo baya zaidi ni kumchanganya kwera na nduguye, kwelea. Kwelea, yule mdogo mwenye mdomo mwekundu, ni wa jamaa hiyo hiyo, lakini desturi zake ni nyingine. Hana kijiji, huhama na mvua, katika makundi ya malaki na mamilioni, na kila mmoja aweza kula yapata gramu kumi za nafaka kwa siku. Mwezi wa Januari mwaka 2023 waliingia mashamba ya mpunga ya Kisumu wakaharibu mamia ya ekari, hata serikali ikanyunyiza dawa ya fenthion. Dawa hiyo haichagui. Humuua kwelea, na huua pia mwewe amlaye na ndege wengine walalao karibu. Kwera wa mwembeni hahami hivyo. Idadi yake huhesabika, na hasara yake hupatikana kando ya shamba, karibu na mti. Kumtilia sumu ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya.

Wengine huangusha viota kwa mti mrefu. Kazi hiyo haina faida kubwa. Mwanzoni mwa msimu dume aliyebomolewa kiota hukirudia kwa siku chache, na kwa kila kiota kipya huchana majani mapya, kwa hiyo migomba na miwa ya karibu huumia zaidi. Walio na uzoefu hupanda wimbi mbali na mti wa viota, tena hupatana na majirani kupanda kwa wakati mmoja, ili nafaka iive pamoja na hasara igawanyike. Shamba moja lililotangulia kuiva ndilo liliwalo lote. Kwa upande wa mtama, aina zenye punje nyekundu na uchungu ndege huzikwepa maadamu kipo kingine cha kula, na watu wa zamani walizijua vizuri kabla hazijaletwa mbegu nyeupe.

Tena hesabu ya kwera ina upande wa pili. Makinda hayawezi kula nafaka kavu. Siku zao za kwanza hulishwa wadudu, na katika mti wa viota mia moja mama hao huenda na kurudi tangu kukucha hata jua kuchwa, midomo imejaa viwavi na panzi. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, wakianzia sehemu hizi hizi za magharibi, hakuna ndege aliyeweza kuwazuia, na mtu asidanganywe. Lakini miezi ya viwavi katika mahindi machanga ndiyo pia miezi ya makinda, na shamba lililo karibu na mti huo hupekuliwa bila malipo. Kwera wa bustani za Kitale, yule wa macho makali, hufanya kazi hiyo mwaka mzima na haigusi sana nafaka. Ila kwa kuwa naye ni wa manjano na nyeusi, hupigwa mawe kwa makosa ya binamu yake. Na wale wa Saiwa hawana kosa lolote kwa mkulima. Wao huhitaji matete yasikatwe yote na maji yasiongozwe yote shambani, nao hutoweka kimya kimya bwawa likauka, bila mtu kutambua, kwa maana hawakuwa wakipiga kelele.

Mwezi wa Agosti, wimbi likiwa limekatwa na kuanikwa uani, mti wa Bungoma hunyamaza. Madume hupoteza rangi yao, wakafanana na majike, wakaungana na makundi ya ndege wengine mashambani. Viota hubaki vikining'inia, vikavu, vya rangi ya majani ya migomba. Baadhi huanguka, na mama wa nyumbani huviokota kuwashia moto, maana hushika upesi. Vingine hupata wapangaji: ndege wadogo wenye midomo kama nta, ambao hawajui kufuma namna hiyo, huingia na kulala humo, na pengine kutaga. Mvua ya Machi ikinyesha na nepia ikichipuka kando ya mfereji, dume la kwanza hurudi mtini, kichwa chake kimekwisha kuwa cheusi tena. Huruka mpaka penye jani refu, huuma ukingo wake, akaruka.